Springi ya valvu iliyokatika msiitupe kabla ya kuiangalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Masasi, yule aliyelalamika kwamba mashine yake ya kusaga imemla fedha msimu mzima kwa sababu springi za valvu zinazoletwa huku Kusini "zote ni feki". Aliitaka Serikali ivamie maduka ya spea. Sina ugomvi na hilo. Feki zipo, nimezishika kwa mikono yangu. Ila katika barua yake ndefu sikuona mahali aliposema springi zile zilikatikia koili ipi (mzunguko upi wa waya), zilianza kukatika upande upi wa waya, wala mahali palipokatika palikuwa na sura gani. Alizitupa, na mafundi waliomfungia mpya nao walizitupa. Sasa muuzaji anahukumiwa, na kielelezo kiko jalalani.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli, karakana yangu iko Mikindani. Wateja wangu wengi ni wenye mashine za kusaga makopa na mahindi kuanzia Mtwara Vijijini hadi Tandahimba, na wengine ni wenye boti za uvuvi. Kazi nilifundishwa Nachingwea na mzee aliyeanza ujana wake kwenye matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947 hadi 1951, uliokula fedha nyingi ukaacha vyuma porini. Alikuwa na kopo la vitu vilivyovunjika: boliti, meno ya gia, springi. Hakukuruhusu kufungua boksi la spea mpya kabla hujamweleza ile ya zamani imekufa kwa nini. Vijana tulimwona mkorofi tu, anachelewesha kazi na wateja wamekaa nje.

Tuanze na kazi yenyewe ya springi. Valvu ni mlango wa injini, mmoja wa kuingiza hewa na mwingine, wa egzosi, wa kutoa moshi; springi ndiyo huirudisha valvu ifunge. Zile injini za kulaza za silinda moja zinazoendesha mashine nyingi za vijijini huzunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Ni injini za mipigo minne, kwa hiyo kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huenda nusu ya mwendo wa krankshafti, ule unaozungushwa na pistoni, na kila valvu hufunguka mara 1,000 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 60,000. Ukisaga saa nane, springi imebanwa na kuachiwa mara 480,000, na mapema siku ya tatu imeshavuka milioni. Kitu kinachofanya kazi namna hiyo hakikatiki kwa kuzidiwa nguvu ghafla siku moja. Kwanza huanza ufa usioonekana kwa macho. Ufa hukua kidogo kidogo kila springi inapobanwa, hadi chuma kilichobaki kishindwe kubeba, ndipo unasikia injini inagonga.

Huo ndio uchovu wa chuma, na si habari mpya. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwenye ekseli za treni katikati ya karne ya 19. Alionyesha kwamba chuma huvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule kinaoumudu mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi, na kwamba mzigo ukikaa chini ya kiwango fulani chuma hicho hudumu. Mtengenezaji wa springi nzuri anaipigia hesabu ikae chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo ikikatika, ama kuna kitu kimeongeza mzigo, ama kuna kitu kimejeruhi waya. Fundi analipwa akitafute kitu hicho. Kufungua nati na kufunga nyingine hata mwanangu wa darasa la saba anaweza.

Namna ya kutafuta ni hii. Chukua vipande, vioshe kwa mafuta ya taa, vikaushe. Usivisugue kwa brashi ya waya. Usivigonganishe kuona kama vinaingiana. Kila mtu hufanya hivyo, hata wateja wangu, na hapo ndipo alama husagika. Nenda juani na kioo cha kukuzia. Springi ikibanwa, waya wake husokotwa, ndiyo maana mara nyingi mkato hukaa kwa ulalo wa kama nyuzi 45. Utaona sehemu moja ni laini, umbo la nusu mwezi hivi, na ukibahatika ina mistari iliyopinda kama ile ambayo maji huiacha kwenye mchanga wa Mikindani yakipwa. Sehemu iliyobaki ni ya mparuzo, ina chembechembe. Kwenye ulaini ndiko ufa ulikokuwa unatembea siku zote hizo. Kwenye mparuzo ni pale waya ulipoachia. Irudie ile mistari kinyumenyume, itakupeleka kwenye chanzo. Mara nyingi chanzo kiko upande wa ndani wa koili, kwa sababu waya uliopinda hubebeshwa zaidi upande huo.

Sasa chanzo chenyewe. Pale karakana nina springi ya boti iliyolazwa ufukweni msimu wote wa kusi, injini ndani, imefunikwa turubai tu. Kaskazi ilipoanza, nahodha akaiwasha, ikaitika vizuri, akaingia nayo baharini. Springi ya egzosi ikakatika akiwa kwenye samaki, akarudishwa kwa kuvutwa. Nilipoitazama kwa kioo, nilikuta mwanzo wa ufa ni kishimo cha kutu ambacho hata ncha ya kalamu ya risasi haiwezi kuingia, kimekaa kwenye koili ya pili kutoka chini. Pembeni yake kulikuwa na vingine kadhaa, viwili tayari vimeshaanza nyufa zao. Springi ile ilikuwa orijino na risiti ipo. Chumvi ya hewa yetu haiulizi risiti.

Na si ya hewa peke yake. Oili iliyotumika hukusanya maji, na salfa iliyomo kwenye dizeli ikiungua, ikakutana na maji hayo, hufanya asidi. Anayelaza injini miezi mitatu na oili chafu tumboni ameziacha springi zake kwenye asidi. Kabla ya kuilaza, ipashe moto, mwaga oili, weka mpya, iendeshe kidogo izunguke kote, kisha fungua kifuniko cha hedi (kichwa cha injini) umwagie springi na roka, ile mikono inayosukuma valvu, oili kwa kikombe. Halafu zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono hadi pistoni iwe juu kwenye mpigo wa kubana, pale valvu zote mbili zinapokuwa zimefunga. Hapo hewa ya bahari haiingii kwenye silinda, na hakuna springi inayolala ikiwa imebanwa kupita mbano wake wa kawaida. Dakika chache tu. Wenye mashine za kupulizia salfa mikorosho hawasumbuki na haya, kwa kuwa nyingi ni za mipigo miwili na hazina valvu za namna hii kabisa. Ndiyo maana wakulima wengi hushangaa mashine ya kusaga inapodai matunzo ambayo ile ya mgongoni haijawahi kudai.

Kisa kingine ni cha Mahuta, na hiki ndicho ninachodhani kinafanana na cha ndugu yangu wa Masasi. Mama mmoja mwenye mashine alikuwa akikatikiwa springi ileile ya egzosi, kila akinunua mpya. Ya kuingiza hewa iko salama, inunuliwe duka lolote. Nilipofika alikuwa tayari ameshika boksi jipya.

"Fundi, we nifungie tu hii, watu wameweka foleni ya madebe."

"Mama, nipe kwanza zilizokatika."

"Za kazi gani? Uchafu ule!"

Bahati nzuri mjukuu wake alikuwa anachezea moja. Nikaitazama. Haikuwa na kutu wala kovu. Lakini juu na chini ya kila koili, pale koili inapotazamana na mwenzake, waya ulikuwa umesuguliwa ukang'aa na kuwa bapa kidogo. Koili zilikuwa zinagongana. Nikafungua hedi, nikakuta chini ya springi kumewekwa washa mbili nene za boliti.

Nilijua limetokea nini. Valvu ile ilishasagwa mara kadhaa, na siti yake, pale inapokalia ikifunga, pia. Ukisaga, valvu huzama ndani ya hedi na shina lake hutokeza zaidi upande wa juu, kwa hiyo nafasi ya springi huongezeka na springi hulegea. Fundi aliyetangulia aliona imelegea, akaongeza washa. Alifanya jambo lenye akili, ila hakupima. Washa zikazidi, valvu ikifunguka mpaka mwisho, springi haina tena nafasi ya kubanwa, koili zinakutana chuma kwa chuma, mara 1,000 kwa dakika. Hakuna springi ya nchi yoyote itakayovumilia hilo. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba valvu ikiwa imefunguka kabisa, mapengo yote ya koili ukiyajumlisha yabaki kama milimita 1.5. Unapima kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mapengo, ukizungusha flaiwili polepole kwa mkono. Nilitoa washa moja, nyingine nikaitafutia nyembamba, nikapima. Boksi jipya la mama likafungwa, na hadi leo springi ni hiyohiyo.

Ndugu yangu wa Masasi, barua yako inasema ni "ile ya egzosi" kila mara. Neno hilo ulilipita haraka, mimi ndilo lililonisimamisha. Springi feki hazichagui valvu. Ikikatika mahali pamoja kila mara, ugonjwa uko mahali hapo.

Kwa malori habari ni nyingine. Wanaoshusha korosho kutoka uwanda wa Makonde wanajua mteremko wa Newala kuelekea Masasi. Dereva ana mzigo, anaogopa breki kuchemka, anaingiza gia ndogo. Hadi hapo yuko sahihi. Lakini akiingiza gia ndogo kupita kiasi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini, hana la kufanya. Gavana hukata dizeli tu, hawezi kulizuia lori lenye tani zake kuusukuma mtambo. Injini inapita mizunguko iliyotengenezewa. Springi haiwahi kuirudisha valvu, valvu inaelea, roka inaachana nayo kisha inaigonga. Tena koili zenyewe huanza kutetema kwa mawimbi yanayopanda na kushuka ndani ya springi, na sehemu fulani ya waya hubeba kuliko ilivyokadiriwa. Ndiyo maana injini nyingine huwekewa springi mbili kila valvu, moja ndani ya nyingine, zimesokotwa kinyume ili moja ikikatika isijipachike kwenye mwenzake. Ukifungua hedi ya lori ukakuta springi kadhaa zimekatika kwa mpigo na pushirodi (fimbo zinazosukuma roka) zimepinda, usiende dukani kwanza. Muulize dereva alishukaje.

Kuna springi ambazo koili za upande mmoja zimekaribiana kuliko za upande wa pili. Upande uliokaribiana unakaa chini, kwenye hedi, si juu penye koleti inayoishikilia kwenye shina la valvu. Nimezifungua zilizopinduliwa nyingi mno kwa jambo ambalo unaliona kwa macho tu.

Sasa niwageukie wenzangu wa gereji, na hapa nitachukiwa. Tunaziua springi wenyewe. Tunazishika kwa plaizi yenye meno, tunazibana kwenye jiliwa bila kitambaa, tunaacha kovu. Ufa huanzia hapo. Mtu anaona springi imelegea, anaipasha kwa gesi hadi iwe nyekundu, anaivuta iwe ndefu, anaitosa kwenye oili, anamwambia mteja "imerudi kama mpya". Haikurudi. Waya wa springi ya valvu ni chuma maalumu, mara nyingi chenye silikoni na kromiamu ndani yake, kilichopikwa kwa joto lililopimwa. Baada ya kusokotwa, springi hupigwa vichembe vidogo vya chuma kwa kasi ili uso wake wote ubanane, na ufa ushindwe kufunguka. Utaalamu huo ulikuzwa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, na mmoja wa walioukuza ni John Almen wa General Motors. Hadi leo kipande cha bati cha kupimia ukali wa upigaji huo kinaitwa kwa jina lake. Moto wa gesi unafuta vyote, upishi na ule mbano wa uso. Anayepasha springi ya valvu moto anauza chuma chakavu kwa bei ya matengenezo.

Na wanaotoa kutu kwa maji ya betri waache. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Yakikutana na chuma hutoa haidrojeni, na chuma kigumu cha springi huinyonya kikawa kinakatika ovyo. Springi ya namna hiyo inaweza kukatika hata injini ikiwa imezimwa, imekaa tu na mbano wake. Kama ina kutu ya vishimo, itupe hata kama haijakatika. Msasa utaing'arisha, vishimo vitabaki.

Nirudi kwa feki, nisije nikaonekana wakili wa maduka. Chuma kibaya kipo. Wakati mwingine unakuta chanzo cha ufa hakiko juu ya waya bali ndani yake, nukta ndogo na mng'ao wa duara kuizunguka, huku nje hakuna kutu, kovu wala msuguano. Hapo kulikuwa na uchafu uliogandia ndani ya chuma kikiyeyushwa, na fundi wala mwenye mashine hawana kosa. Hiyo ndiyo springi ya kupeleka kwa TBS (Shirika la Viwango) au Tume ya Ushindani, na ukiipeleka hivyo, imeoshwa, imepakwa oili, imefungwa kwenye karatasi na boksi lake na risiti, watakuwa na cha kushika. Ukipeleka hasira tupu watakuandikia barua ya kukushukuru.

Feki nyingine ni ya unene. Ukakamavu wa springi hufuata unene wa waya ukizidishwa wenyewe mara nne. Waya uliotakiwa kuwa milimita 4 ukitengenezwa 3.8, kwa macho huoni tofauti, lakini springi imepoteza karibu asilimia 19 ya ukakamavu wake. Tena springi hiyo huenda isikatike haraka; itaacha valvu ielee, siti itapondwa, nguvu itapungua, utalaumu nozeli, utalaumu ringi. Vernia, kile kipimo cha unene, inaonyesha hilo kwa nusu dakika, dukani hapohapo, kabla hujatoa fedha. Ukiwa na springi nyingine nzima ya injini hiyohiyo, zisimamishe mbili kwenye kioo cha meza uone urefu, zibane pamoja kwenye jiliwa zikiwa zimetanguliana mkia kwa kichwa na washa katikati, uone ipi inakubali kwanza.

Ya nyufa ambazo hazijakata nayo ina njia yake ya bei ya chini. Iloweke springi usiku kucha kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, ipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Ukiona mstari, hiyo haifungwi tena, hata kama mteja analia. Injini ya valvu za juu ikikatikiwa springi, valvu inaweza kudondoka ndani ya silinda ikakutana na pistoni, na hapo injini imenoki. Gharama itakuwa hedi, pistoni na pengine koneti (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti), si springi tena. Wengine husikia mlio wa kugonga wakamalizia debe la mwisho la mteja. Debe hilo ni ghali.

Kuna maombi mawili kutoka kwangu. Vyuo vyetu vya ufundi vya VETA hapa Mtwara na kule Lindi viweke meza yenye vitu vilivyovunjika, kijana ajifunze kusoma mkato kabla ya kukabidhiwa spana. Mimi niko tayari kutoa kopo langu.

La pili ni kwa waagizaji wa spea. Andikeni kwenye boksi unene wa waya, urefu wa springi ikiwa huru, na uzito inaopaswa kubeba ikibanwa hadi urefu wa kazi. Nimemweleza haya mwenye duka mmoja, akacheka, akasema hakuna mteja atakayesoma. Nikamwomba beringi ya 6204. Akaitoa bila kuuliza ni ya injini gani, kwa kuwa namba hiyo popote duniani ni tundu la milimita 20, nje 47, upana 14. Springi anaiuza kwa jina la injini peke yake, na mimi nikirudi kudai kwamba waya ni mwembamba, hakuna mahali palipoandikwa ulitakiwa kuwa na unene gani.

Wako,
Fundi wa injini za dizeli,
Mikindani, Mtwara